Kamba Nane kwenye Mikoko

Kibondo, 11 Machi 2024

Mdogo wangu Castory,

Amahoro. Naandika nikiwa mzima, goti tu la kushoto ndilo linanisumbua nikisimama sana wodini. Mvua huku ni nyingi, maharage yanaoza shambani kabla hatujayang'oa. Immakulata, yule binti wa marehemu mama mkubwa, amejifungua mapacha wiki iliyopita, na mimi ndiye niliyewapokea. Wote wa kiume, na wote wana masikio ya ukoo wetu, maskini.

Siku ile ulisema tusipigiane simu tena, kwamba nikiwa na neno niliandike. Ilinichukua miaka miwili kununua karatasi. Hii nampa Abbasi, shemeji yako, dukani kwake Kasulu. Anafuata mzigo Dar kila mwezi, na ameniahidi kuiweka kwenye basi la Kilwa. Alifunga barua ndani ya kitambaa na kunipa kiti nipumzike.

Najua Machi hii Mwamvua anatimiza miaka miwili tangu azikwe. Sikusahau, ingawa una haki ya kufikiri hivyo.

Castory, una miaka hamsini. Unaishi peke yako ndani ya boti ya mbao juu ya maji ya chumvi, wewe mtoto wa mlimani ambaye ukiwa mdogo ulilia kuvuka Malagarasi kwenye daraja. Alipokuwapo mke wako nilielewa. Sasa sielewi. Njoo nyumbani. Nyumba yangu ina chumba ambacho kwa sasa kina magunia tu. Si lazima ukae. Njoo tuonane.

Dada yako,
Yusta


Kilwa Masoko, Alhamisi 2 Mei 2024

Dada Yusta,

Shikamoo. Barua yako nilipewa wiki ya Pasaka, imekaa chini ya mto wangu zaidi ya mwezi. Hongera kwa mapacha wa Immakulata. Mimi afya ninayo. Samaki wamepungua kwa hizi mvua ila mihogo ipo, na Shamsi, fundi seremala wa boti niliyewahi kukutajia, huniletea chai kila akishuka pwani.

Nimeamua kukuandikia leo kwa sababu ya hali ya hewa. Tangu jana redio inasema kuna kimbunga kinakuja pwani yetu, wamekiita Hidaya. Wazee wa hapa wanasema hawajawahi kukiona kimbunga kikifika huku, kwa hiyo nusu ya watu wanacheka. Mimi sikucheka. Boti ikiwa ndiyo nyumba yako, unaanza kufunga mapema.

Jana maji yalipojaa niliitoa boti yangu Kagerankanda pale wazi tulipozoea kutia nanga, nikaipeleka ndani kabisa ya hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako mikoko inakaribiana pande zote mbili mpaka mlingoti unagusa majani. Jina hilo la kijiji cha mama watu wa hapa bado linawashinda, wanaita Kage. Nimeshusha nanga mbili kwa mbele. Halafu nimefunga kamba nane, nne kila upande, chini kabisa kwenye mashina ya mikoko, maana matawi hukatika. Kila mahali kamba inapogusa mbao nimeivisha kipande cha mpira wa bomba na gunia juu yake, kwa sababu katika upepo kamba inakatika kwa kusuguliwa kuliko kwa kuvutwa. Nimeziacha zilegee kiasi, maji yakipanda boti ipate nafasi ya kupanda nayo. Ukizikaza sana unaizamisha mwenyewe.

Tanga nimelishusha. Sola nimezing'oa. Turubai, mapipa, jiko, ndoo, hata kamba ya kuanikia nguo, vyote vimeshuka. Chochote kinachobaki juu upepo unakishika. Matundu ya chini yanayoingiza maji ya injini nimeyafunga. Betri zimejaa, pampu nimeijaribu mara tatu. Vyeti na picha nimevitia kwenye dumu la plastiki, viko kwa Shamsi. Kilichobaki ndani ni cherehani cha Mwamvua tu. Nilikifunga sakafuni kwa bolti tulipoanza kuishi humu, ili mawimbi yasimwangushie miguuni, na sasa bolti zimeshika kutu hazifunguki.

Unaniona nimekuwa msemaji. Jioni nilikuwa na mtu wa kumweleza kazi za siku. Alikuwa anashona, akitikisa kichwa bila kusikiliza sana, lakini nilikuwa na mtu.

Kesho wanasema boti za abiria hazitatoka, na mabasi sijui, kwa hiyo barua hii naikimbiza kwa wakala wa basi sasa hivi. Usihofu. Nitalala kwa Shamsi, nyumba yake ni ya matofali na iko juu.

Kuhusu kuja nyumbani, bado.

Mdogo wako,
Castory


Kibondo, 10 Mei 2024

Castory mdogo wangu,

Nakusalimu haraka. Hapa wote hatujambo.

Barua yako ya tarehe mbili ilinifikia leo asubuhi, baada ya kimbunga kuwa kimeshapita. Nimesoma habari za kamba nane nikiwa nimesimama mlangoni pa zahanati, halafu nikarudi ndani nikakaa chini sakafuni. Redio imetaja Mafia, ikataja Kilwa, nyumba, mafuriko. Abbasi anasema barabara imekatika Somanga, magari yamelala pande zote mbili, na kutoka Lindi au Kilwa hakuna anayepita kuja Dar. Simu yako nimeipiga, nisamehe, nimevunja tulichokubaliana. Haipatikani.

Jana mama mmoja niliyekuwa namzalisha aliniambia, "Nesi, mbona wewe ndiye unayetetemeka?"

Kama uko hai, andika neno moja. Neno moja tu linatosha.

Yusta


Kilwa Masoko, 21 Mei 2024

Dada Yusta,

Shikamoo. Mimi mzima. Kimbunga kimepita salama, Mungu ametusaidia. Boti imelalia upande na imeingia maji kidogo lakini inatengenezeka. Simu ililowa. Barabara imefunguliwa kwa shida. Salamu kwa Immakulata na watoto. Usiwe na wasiwasi wowote.

Castory


Kibondo, 16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Amahoro. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unafunika barabara mpaka saa tatu, na jioni tunaota moto na kuchoma mahindi ya mwisho. Mapacha wa Immakulata wamebatizwa. Mmoja wamempa jina lako. Sikuwaomba, walitaka wenyewe.

Nimeipokea barua yako ya Mei. Nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake, na nina maswali.

Ule mwandiko si wako. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, nikikushika kidole kwenye vumbi la uwanja wa kanisa Rungwe Mpya, na herufi zako zinalala kushoto kama zinasukumwa na mtu. Hizi zimesimama wima. Tena wewe huwezi kuandika "Mungu ametusaidia" bila kuongeza malalamiko mbele yake. Nani ameandika barua ile, na kwa nini?

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi wowote, huwa namfunua shuka nitazame mwenyewe.

Na jambo la pili. Nyumba ya Shamsi ni ya matofali na iko juu. Mtu aliyelala humo simu yake inalowaje?

Nasubiri. Usinijibu haraka kama si kweli.

Dada yako


Kilwa Masoko, 25 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini baridi inapungua huko. Mpe mtoto wa jina langu salamu zangu, umwambie nampa pole kwa kurithi jina.

Samahani kwa mwandiko huu. Ni wangu, ila wa mkono wa kushoto. Nimejifunza miezi miwili. Ukurasa huu umenichukua siku tatu. Ile ya Mei aliandika Shamsi.

Sikulala kwa Shamsi. Nilipokuandikia vile nilikuwa najua siendi. Ijumaa jioni alikuja na mtumbwi kunichukua. Akasema, "Castory, mbao zinanunuliwa." Nikamwambia nitamfuata. Akaniangalia, akasema, "Hunifuati." Akaniachia chupa ya chai, akaondoka.

Ulinifundisha kuandika, basi niandike ukweli. Sikutaka kufa, dada. Ila sikuona cha kunitoa mle ndani pia. Mwamvua alifia kwenye kitanda kile cha upande wa kulia. Kila kitu cha maisha yetu kiko ndani ya urefu wa hatua kumi na mbili. Nilifikiri, kama kinakwenda, mimi nibaki nimesimama nchi kavu nikikitazama, halafu nikaishi wapi?

Jumamosi alfajiri upepo ulianza kusema. Kwanza juu ya mikoko, kama lori likipanda mlima, na huku chini maji yametulia kabisa. Kulipokucha ukashuka. Mvua ilikuja ya kulala, inapiga ubavuni. Saa tatu maji yalipanda kuliko nilivyowahi kuyaona, na boti ikapanda nayo vizuri, kamba zikafanya kazi yake. Nilitambaa juu nikizikagua, nikivisha magunia mapya palipoliwa. Nakwambia ukweli, saa ile nilikuwa na furaha. Nilikuwa na kazi.

Halafu mkoko mmoja wa kushoto ukang'oka na mizizi yake. Kamba mbili zikaenda nao. Boti ikayumba, nikarusha kamba ya akiba kwenye mti mwingine, nikaanza kuizungusha kwenye kigingi. Wakati huohuo mashua ya mtu ilikuwa imekatika huko juu ya hori, ikaja inateremka ikatugonga. Kamba ilikaza kwa ghafla, na mkono wangu wa kulia ulikuwa kati ya kamba na kigingi. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti.

Kidole cha mwisho na kile cha pete havipo tena, na cha kati hakikunjiki. Wamenitibu vizuri hospitali hapa, sina la kulalamika.

Boti ililala juu ya kisiki, ikatoboka chini ya mkanda wa pili wa mbao. Nilishuka ndani, maji yakiwa kiunoni, nikawa napampu kwa mkono wa kushoto. Betri zilishakufa. Sijui nilipampu muda gani. Karibu na adhuhuri Shamsi alikuja kwa miguu, maji kifuani, akishika mizizi. Alipanda, akanitoa mkono kwenye pampu, kidole kimojakimoja, kama unavyomtoa mtoto kwenye titi. Nikamwambia aniache, akasema, "Nimeshaacha jana, sirudii."

Basi ndiyo hivyo.

Tangu hapo ni kazi. Tulisubiri bamvua la Juni, maji makubwa ya mwezi mpevu, tukafunga mapipa manane matupu chini ya ubavu wake wakati maji yamekupwa. Tulilipiga lile tundu kiraka cha turubai na ubao. Maji yalipojaa mapipa yakainuka, na Kagerankanda ikasimama yenyewe, inatiririka tope kila upande kama nyati anayetoka majini. Watu wa pwani walishangilia. Nilitamani mtu mmoja awepo aone.

Injini niliikuta imejaa maji ya chumvi. Nikayatoa, nikaiosha kwa maji baridi ya kisima, nikamimina dizeli kwenye matundu yote, nikawa naizungusha kwa mkono kila siku ili isigande. Kazi hiyo mkono wa kushoto unaiweza. Mbao tatu tumebadilisha, Shamsi akipiga pamba katikati ya mbao na mimi nikimshikia taa. Godoro nilitupa. Cherehani nimekifungua chote, nimekipaka mafuta, kimekubali kuzunguka, lakini sina wa kumshonea.

Sasa swali langu. Katika barua ya kwanza uliandika hamjang'oa maharage. Katika ile ya Mei ukasema "hapa wote hatujambo". Katika ya Juni mnaota moto. Wewe hukuolewa, na Immakulata anaishi kijijini Kagerankanda. Unaishi na nani, dada?

Castory


Kibondo, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Castory,

Barua yako nimeisoma nje, kwenye ngazi, mpaka jua likazama. Pole kwa mkono. Neno hilo ni dogo, ila ndilo tulilonalo. Shamsi huyo mwambie nimemwombea, na nikimwona nitampigia magoti.

Umesema ukweli wako wote. Sasa nami niseme wangu.

Baba yuko hapa.

Najua ulisema nisikutajie jina lake maishani. Nimekutii miaka ishirini na sita. Lakini yuko kwenye chumba cha mbele, mwaka wa tatu huu. Nilimtoa Rungwe Mpya baada ya majirani kumkuta njiani kuelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, pekupeku, akisema anakwenda kufundisha katekisimu. Mzee Benedicto tuliyekuwa tunamwogopa tukisikia kikohozi chake tu, sasa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikiwa zamu anakaa na Akimana, mama wa Kirundi anayenisaidia. Baba anamwita kwa jina la mama yetu. Akimana anaitika, ana huruma.

Anakuuliza wewe. Anafikiri uko Kigoma unajifunza mashine. Anauliza kama wamekupa sabuni. Yale aliyoyasema siku ile hayakumbuki kabisa. Yamefutika.

Mimi nayakumbuka. Ulisimama sebuleni na Mwamvua, amevaa khanga mpya, amekuja na sahani ya haluwa kutoka dukani kwao. Baba akasema asiyeoa kanisani hana baba, na mlango ukaonyeshwa. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, nina sufuria mkononi. Mwamvua alinitazama. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka thelathini, nina mshahara wangu, na sikusema kitu.

Uliponipigia kwamba amefariki na nikakwambia sina ruhusa kazini, nilikudanganya. Mazishi yenu ni ya siku moja, nisingeyawahi, ila ulisema nije hata kwenye arobaini, ukae na mtu wa kwenu mmoja. Ruhusa nilipewa. Nilifika mpaka Kasulu. Nilikuwa na tiketi ya Dar. Nikaingia dukani kwa Abbasi kumpa pole, akatoka nyuma ya kaunta, na ana macho yale yale ya dada yake. Nikakumbuka sufuria. Nikarudi stendi, nikapanda gari la Kibondo. Wewe ulikaa arobaini hiyo peke yako kati ya wakwe zako kwa sababu yangu, na si kwa sababu ya kazi.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Wala sikuombi umsamehe yeye. Nakueleza tu aliye nyumbani, ili ukija ujue, na usipokuja nijue kwa nini.

Yusta


Kilwa Masoko, 30 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Shamsi anakusalimu, anasema magoti uyatunze.

Boti imerudi majini wiki iliyopita. Injini iliwaka mara ya nne, ikatoa moshi mweusi, halafu ikatulia. Nimeitoa kwenye hori, nimeitia nanga pale pa zamani.

Barua yako niliichana. Kisha nikaiunganisha. Sijui niseme nini juu ya Abbasi na tiketi. Najua tu kwamba arobaini ile nilitazama barabara siku nzima.

Desemba nitakuja, siku tano. Shamsi atanilindia boti. Usiite watu.

Castory


Kilwa Masoko, 12 Januari 2025

Dada yangu Yusta,

Shikamoo. Nilifika salama, siku tatu njiani, mgongo unauma. Kagerankanda niliikuta kavu ndani, Shamsi ameifagia. Parachichi ulizonifungia zilifika tatu tu nzima, nyingine tulizila njiani na abiria wenzangu. Asante kwa shuka.

Siku zile tano tulizungumza kidogo sana, na wewe ulikuwa unanikwepa machoni kama nilivyokuwa nakukwepa. Ulifua nguo zangu ambazo zilikuwa safi. Nimekaa ndani ya basi nikifikiri, sisi watu wawili tunaweza kuandikiana kurasa tano, tukiwekwa meza moja tunaulizana chumvi. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka nilivyofika, ukamwambia, "Baba, ni Castory amekuja." Akacheka. Akasema Castory ni kijana, huyu ni mtu mzima ana mvi, usinidanganye. Ukajaribu tena kesho yake, akakasirika. Niliona ulivyoumia, ukaacha.

Kuna jambo hukulishuhudia. Ilikuwa tarehe ishirini na saba, wewe ukiwa zamu ya mchana, Akimana amekwenda sokoni. Nilikuwa nimekaa sebuleni. Baba akatoka chumbani, amevaa koti na kofia, akanikuta. Akasimama akanyoosha mgongo, akasema, "Karibu, ndugu. Unamsubiri nesi?"

Kwa Kiswahili, dada. Tangu nizaliwe baba hajawahi kusema nami Kiswahili. Nyumbani tulisema lugha ya kwetu tu, Kiswahili kilikuwa cha kanisani na cha wageni. Nikamjibu ndiyo, namsubiri.

Akakaa. Akauliza natoka wapi. Nikasema Kilwa. Akasema, "Ndiyo maana Kiswahili chako ni kizuri. Wewe ni mtu wa pwani." Nikasema nimekaa huko sana. Alikuwa akipapasa goti lake kama anavyofanya. Halafu akasema:

"Nina mwanangu yuko huko kwenu. Alioa binti wa duka kule Kasulu, Mwislamu, binti mwenye adabu. Alikuja kwangu na sahani ya haluwa. Nikawafukuza."

Wewe uliniandikia kwamba yamefutika. Hayakufutika.

Baba akaendelea, taratibu, kama anasoma. Akasema walipotoka, ile sahani ilibaki mezani. Mama akataka kuitupa, akamkatalia. Jioni yake alikula ile haluwa yote peke yake, ili isionekane, na ilikuwa tamu, na alilia. Akasema kesho yake alikwenda Kasulu kwa miguu mpaka stendi, akaambiwa basi limeondoka asubuhi.

"Nilichelewa saa mbili," akasema. "Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Nilikuwa katekista, ningewaambia nini?"

Akaniuliza, "Wewe uliye wa huko, watu wanaokaa pwani wanakaa na hasira muda gani?"

Dada, nilikuwa na maneno ya miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, toka Dar mpaka Kasulu, mengine ya matusi. Nikamwambia, "Mzee, inategemea na mtu."

Akakubali kwa kichwa. Akauliza kama yule binti bado yuko. Nikamwambia amefariki, miaka miwili sasa inakwenda mitatu. Akavua kofia. Akafanya ishara ya msalaba, halafu kama amekumbuka, akaufungua mkono, akauliza kwenu mnasemaje mtu akifa. Nikamwambia tunasema Inna lillahi. Akajaribu kulisema. Halikutoka vizuri. Akarudia mpaka likatoka.

Kisha akainuka akasema ameshukuru kwa mazungumzo, na akanisindikiza hadi mlangoni kama mgeni anayeaga, ingawa mimi sikuwa nimeaga. Basi nikaaga. Nilimpa mkono wa kulia bila kufikiri. Aliushika kwa mikono yake miwili, akausikia ulivyo, hakuuliza. Aliushika muda mrefu. Nikatoka nje nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye migomba mpaka Akimana aliporudi. Uliporudi wewe uliniuliza mbona macho yangu mekundu, nikasema moshi.

Niliporudi ndani baba alikuwa amelala na kofia kifuani.

Sikukwambia wakati ule kwa sababu sikujua kama alichonipa ni changu. Alikitoa kwa mtu mwingine. Nimekaa nacho humu ndani karibu wiki mbili, boti inayumba polepole kwenye nanga, nikaona nitakichukua hivyohivyo. Sitapata kingine.

Juu yako na mimi, stendi ya Kasulu imewarudisha watu wawili wa nyumba moja, tena kwa sababu ya siku ileile ya haluwa. Siwezi kukukasirikia wewe peke yako. Tuliache hapo.

Nitakuja tena Pasaka. Nikifika, dada, nakuomba usimwambie mimi ni nani. Niache nibishe hodi mlango wa mbele, anikaribishe mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kanisani, tuzungumze habari za mwanawe.

Mdogo wako,
Castory